Honi Ambayo Haikulia: Uchambuzi wa Ajali ya Boeing 747 Nairobi, 1974

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 20 Novemba 1974, Boeing 747 ya shirika la ndege la Ujerumani, Lufthansa, ilianza kukimbia kwenye njia ya kurukia namba 24 katika Uwanja wa Ndege wa Embakasi, Nairobi, ambao tangu mwaka 1978 unaitwa Uwanja wa Jomo Kenyatta. Ilikuwa safari namba LH 540, iliyotoka Frankfurt usiku, ikatua Nairobi kwa muda mfupi, na sasa ilikuwa ikielekea Johannesburg ikiwa na abiria 140 pamoja na marubani na wahudumu 17. Mwendo uliongezeka kama ilivyotarajiwa na ndege ikainua pua mahali ilipopaswa kuinua. Kabla dakika moja haijaisha tangu magurudumu yaachane na lami, ilikuwa imerudi ardhini ng'ambo ya njia ya kurukia, imevunjika na inawaka moto. Watu 59 walifariki, 55 kati yao wakiwa abiria na 4 wafanyakazi wa ndege, na wengine 98 wakanusurika. Aina hiyo ya ndege ilikuwa imebeba abiria tangu Januari 1970, na hii ndiyo ajali yake ya kwanza iliyoua watu.

Tunapozungumzia tahadhari katika chumba cha marubani, wengi wetu tunafikiria king'ora kinacholia na rubani anayepaswa kuamua haraka, ama asimamishe ndege ama aendelee kupaa. Visa vya namna hiyo vipo na ni vingi. Kisa cha Embakasi ni kigumu zaidi kukieleza, na kwa maoni yangu kina mafunzo zaidi, kwa sababu tahadhari ambayo ingewaokoa watu wale haikuwapo, na ile iliyokuja ilikuja ndege ikiwa hewani tayari, ikawaambia marubani kinachotokea bila kuwaambia kwa nini kinatokea. Walijibu walichokisikia na kukihisi, na jibu lao halikuwa la kipuuzi hata kidogo. Lakini walikuwa wanajibu swali ambalo hakuna mtu wala chombo kilichokuwa kimewauliza kwa ukamilifu.

Ili jambo hili lieleweke, ni lazima kwanza kuliangalia bawa. Bawa la ndege kubwa limeumbwa kwa ajili ya mwendo wa kasi huko juu, na umbo hilo halitoshi kuibeba ndege wakati wa kuruka, mwendo unapokuwa mdogo. Ndiyo maana kabla ya kuruka bawa hukunjuliwa na kuongezwa ukubwa. Kwenye ukingo wake wa nyuma hutoka mapande mapana yanayoinama kuelekea chini, yale ambayo abiria aliyekaa dirishani huyaona yakiteleza polepole huku yakitoa sauti ya mashine inayozunguka. Marubani huyaita flapu. Ukingo wa mbele nao una flapu zake, ambazo katika 747 hufunguka kutoka chini ya bawa na kulifanya lionekane limeinamisha uso. Abiria wengi hawazioni hizi za mbele, na hata wakiziona hawazitilii maanani. Kumbe kazi yake ni kubwa sana: ndizo zinazoiongoza hewa iendelee kulishikilia bawa pale pua ya ndege inapoinuliwa.

Nahodha wa jahazi atalielewa hili bila maelezo marefu. Tanga likikazwa kupita kiasi dhidi ya upepo, chombo hakiongezi mwendo. Upepo unaachana na kitambaa, unajikunja nyuma yake, na nguvu iliyokuwa inavuta inapotea ingawa upepo bado unavuma. Bawa nalo lina pembe yake ya mwisho. Likiinuliwa kupita pembe hiyo, hewa inabanduka kutoka mgongoni mwake na bawa linaacha kubeba, hata injini zikiwa zinanguruma kwa nguvu zote. Hali hiyo marubani huiita stoli. Flapu za mbele huisogeza mbali pembe hiyo ya hatari, na zisipofunguka bawa huingia katika stoli mapema zaidi na kwa mwendo mkubwa zaidi kuliko rubani anavyotarajia. Na hapo ndipo ulipo ubaya wa hali iliyotokea Nairobi: hesabu zote za mwendo wa kuruka zilizokuwa mbele ya marubani zilikuwa sahihi kwa bawa lililokunjuliwa kamili, lakini bawa walilokuwa nalo halikuwa hilo.

Katika 747, wenzo mmoja tu ulio katikati ya marubani wawili ndio unaoamuru flapu zote, za mbele na za nyuma. Rubani anapousogeza hadi alama inayotakiwa, haoni kwamba anatuma amri mbili kwa mitambo miwili tofauti. Flapu za nyuma husukumwa kwa nguvu ya mafuta ya haidroliki. Zile za mbele huendeshwa na mota zinazozungushwa na hewa ya msukumo mkubwa inayochotwa kwenye injini zenyewe, na hewa hiyo hupita katika vali ambazo swichi zake zipo kwenye paneli ya mhandisi wa ndege. Enzi hizo chumba cha marubani kilikuwa na mtu wa tatu, ambaye kiti chake kilikuwa nyuma ya rubani msaidizi, kikitazama ukuta mzima wa mita, swichi na taa ndogo upande wa kulia. Yeye ndiye aliyesimamia mafuta, umeme, injini na hewa hiyo.

Asubuhi ile vali za hewa zilibaki zimefungwa. Wenzo ulisogezwa ipasavyo, flapu za nyuma zikatoka, na za mbele hazikutoka kwa kuwa hapakuwa na hewa ya kuzisukuma. Kosa lenyewe ni dogo kiasi kwamba mtu anaona vigumu kulihusisha na vifo vya watu 59. Hakuna kilichovunjika, hakuna injini iliyozimika, hakuna dhoruba wala ndege wa porini walioingia kwenye mashine. Ni hatua moja katika orodha ya ukaguzi ambayo haikukamilika, katika ndege iliyokuwa nzima kabisa.

Sasa tuje kwenye tahadhari. Ndege za abiria za wakati ule tayari zilikuwa na honi ya kuwaonya marubani endapo ndege haikuandaliwa vizuri kwa kuruka. Honi hiyo hungoja ndege ikiwa ardhini. Mara tu nyenzo za injini zinaposukumwa mbele ili kuanza mbio, mtambo huangalia mambo kadhaa, kwa mfano kama flapu ziko mahali pake na kama breki za mabawani zimelala. Likipatikana jambo lisilo sawa, honi hulia papo hapo, na wakati huo ndege bado inatambaa. Rubani huvuta nyenzo nyuma, anakanyaga breki, na kisa kinaishia kwenye maandishi machache ya ripoti na kuchelewa kwa dakika chache. Kwa wasafiri wa LH 540, hapo ndipo palipokuwa mahali pa kuokolewa. Lakini mfumo wa ndege ile haukuwa na njia ya kutosha ya kuwaonya marubani kwamba flapu za mbele zimebaki ndani. Nyenzo zilisukumwa mbele, na honi ikanyamaza.

Hapa naomba msomaji atulie kidogo, kwa maana ukimya huo hauna maana moja. Mtu anayekaa karibu na mtambo wenye honi hujifunza, bila kuambiwa na yeyote, kwamba isipolia mambo ni salama. Hakuna mwongozo wa marubani unaosema hivyo. Miongozo yote husema honi ni kinga ya mwisho na ukaguzi ni wajibu wa mtu. Lakini safari mia moja bila honi humfundisha mtu kuliko maandishi. Marubani wa LH 540 waliingia katika mbio zao wakiwa na kila dalili ya nje kwamba ndege iko tayari: wenzo upo mahali pake, injini zinavuta, honi imenyamaza. Kitu pekee kilichoweza kuwaambia vinginevyo ni taa ndogo za kuonyesha hali ya flapu za mbele, na taa huhitaji jicho la kuitazama, wakati honi humfuata mtu popote macho yake yalipo. Tofauti hiyo kati ya kitu cha kutazamwa na kitu cha kusikika ndiyo, kwa maoni yangu, kiini cha kisa hiki chote.

Mbio za kuruka zina kikomo kimoja ambacho kila rubani hukijua kama anavyojua jina lake. Ni mwendo unaokokotolewa kabla ya kila safari na unaotangazwa kwa sauti chumbani: ukishapitwa, ndege haiwezi tena kusimama ndani ya urefu uliobaki wa njia, kwa hiyo jibu la tatizo lolote linakuwa kwanza kuruka, kisha kulishughulikia tatizo hewani. Kabla ya mwendo huo rubani ana uchaguzi. Baada yake uchaguzi umefungwa, isipokuwa kama ndege yenyewe haiwezi kabisa kuruka. Siku ile hakuna kilichoonekana kibaya kabla ya kikomo hicho. Tatizo lilijitambulisha baada ya magurudumu kuachana na lami, yaani baada ya mlango wa kusimama kufungwa, na likajitambulisha kwa namna isiyo wazi: mtikisiko.

Marubani waliuhisi mtikisiko huo mara tu ndege iliponyanyuka. Rubani mkuu alidhani unatoka kwenye magurudumu. Dhana hiyo haikuwa ya ajabu. Gurudumu lisilo na uwiano mzuri, likiwa bado linazunguka kwa kasi baada ya ndege kunyanyuka, huitikisa ndege kwa namna ambayo kila rubani wa siku nyingi ameikuta, na dawa yake inajulikana: pandisha magurudumu, mtikisiko utakwisha. Akayapandisha. Lakini mtikisiko alioupata haukutoka kwenye magurudumu; ulikuwa ni hewa inayobanduka mgongoni mwa bawa na kuupiga mwili wa ndege. Bawa lilikuwa linatoa tahadhari yake lenyewe, kwa lugha inayofanana mno na lugha ya jambo la kawaida.

Kupandisha magurudumu, tendo ambalo katika kila kuruka ndilo sahihi, lina gharama ndogo ya sekunde chache ambayo kwa kawaida hakuna anayeihesabu. Milango ya magurudumu lazima ifunguke kwanza ili magurudumu yaingie, na ikiwa wazi huongeza upinzani wa hewa. Ndege yenye akiba ya kutosha haijali. Ndege ambayo bawa lake tayari limeanza kuishiwa huhisi kila kilo ya upinzani. Mwendo haukuongezeka kama ulivyopaswa, kisha ukaanza kupungua. Rubani msaidizi aliishusha pua kidogo ili kuulinda mwendo, hatua iliyokuwa sahihi kwa kanuni zote. Mtikisiko ukaendelea. Ndipo kitikisa usukani kilipoanza kufanya kazi.

Kifaa hicho kinastahili kuelezwa kwa karibu, maana ndicho tahadhari pekee ya wazi ambayo chumba kile kilipata. Usukani wa 747 ni nguzo inayotoka sakafuni mbele ya kila rubani. Ndege inapokaribia stoli, mota ndogo yenye uzito uliowekwa upande mmoja huzunguka na kuitikisa nguzo nzima, ikigonga kwa kelele mfano wa mtu anayepiga kitasa cha mlango kwa haraka bila kupumzika. Haiwezekani kutoiona wala kutoihisi. Mikono inatikisika nayo. Maana yake ni moja tu: pembe ya bawa imekuwa kubwa mno, ishushe pua, ongeza nguvu, upate mwendo. Ni tahadhari nzuri kwa ndege iliyo juu, yenye anga ya kutosha chini yake. Kwa ndege iliyo mita chache juu ya majani, inayoshuka, kushusha pua zaidi ni kuifuata ardhi, na kuinua pua ni kulimaliza bawa kabisa. Kitikisa usukani kilisema kweli, na ukweli huo haukuwa na jibu ndani ya urefu uliokuwapo.

Lakini chanzo cha stoli kilikuwa bado hakijatajwa. Kifaa kile hakikuweza kusema kwamba flapu za mbele hazikutoka. Hakuna mwanadamu aliyeketi katika kiti kile ambaye, katika sekunde zile, akiwa na injini nzima, wenzo uliosogezwa vizuri na usukani unaotikisika, angeweza kurudi nyuma kimawazo hadi kwenye swichi za vali ya hewa. Tufanye hesabu ya kawaida: ndege inayokwenda kilomita 270 kwa saa hukata mita 75 kila sekunde, na kwa mwendo huo mita 1,120 huisha kwa sekunde 15 hivi. Mita 1,120 ndio umbali kutoka mwisho wa njia ya kurukia hadi pale ndege ilipogusa ardhi. Ilianza kwa kukwangua vichaka na majani. Kisha mkia wake ukagonga barabara ya ndani iliyoinuliwa kidogo juu ya uwanda, ndege ikaanza kuvunjika, ikateleza ikigeuka, na moto ukashika kutoka bawa la kushoto hadi kwenye mwili wa ndege. Laiti barabara ile isingekuwapo, pengine idadi ya vifo ingekuwa nyingine. Lakini hilo ni jambo la bahati ya mahali.

Mahali penyewe palichangia kwa njia nyingine pia. Embakasi ipo karibu mita 1,620 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ile ya Mombasa au Dar es Salaam. Hewa nyepesi huzinyima injini sehemu ya nguvu zake, na ili bawa libebe uzito uleule ndege lazima iende kwa kasi zaidi juu ya ardhi. Marubani wote wanaokuja Nairobi wanalijua hili na hesabu zao hulizingatia. Maana yake hata hivyo ni kwamba kosa ambalo ufukweni lingeachiwa nafasi ya kujirekebisha, Nairobi huachiwa nafasi ndogo zaidi. Tena upo ule mto wa hewa ulio kati ya bawa na ardhi, ambao huibeba ndege kidogo inapokuwa chini ya kimo kinacholingana na upana wa mabawa yake. Kwa 747 ya wakati ule upana huo ni karibu mita 60. Ndege ile iliweza kunyanyuka ikiwa juu ya mto huo. Haikuweza kutoka nje yake.

Uchunguzi ulifanywa na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya kwanza, iliyokuja kuvunjika mwaka 1977, na ambayo wakati huo ilisimamia usafiri wa anga wa nchi zake kwa pamoja. Wachunguzi hao walipewa ajali ya ndege kubwa kuliko zote za abiria duniani, ambayo haikuwahi kuua kabla ya hapo. Naona fahari, na sioni haya kulisema, kwamba hawakuridhika na jibu jepesi. Jibu jepesi lilikuwepo: vali hazikufunguliwa, mhandisi ndiye mwenye vali, faili lifungwe. Ripoti ilisema wazi kwamba ndege iliruka na flapu za mbele zikiwa ndani kwa sababu mfumo wa hewa unaoziendesha haukuwashwa, kwamba kwa hiyo ilinyanyuka ikiwa tayari nusu katika stoli, na kwamba marubani hawakuwa na muda wa kuitambua hali hiyo na kujiokoa. Kisha ikataja mambo makubwa mawili yaliyochangia, na kuyaweka pamoja bila kuliruhusu moja lilifunike jingine: kukosekana kwa tahadhari kuhusu hali ya flapu za mbele, na wafanyakazi wa ndege kushindwa kuikamilisha orodha ya ukaguzi inavyotakiwa.

Kuna jambo moja ambalo linauma zaidi kila ninapolirudia. Hii haikuwa mara ya kwanza kwa kosa hilo kutokea katika 747. Mara mbili kabla ya Nairobi liliripotiwa, na mara zote mbili marubani waliwahi kuirejesha ndege katika hali salama. Kwa hiyo habari ilikuwepo duniani kwamba mwanadamu anaweza kuisahau vali hiyo na kwamba ndege haitamwambia. Kitu kinachojulikana kuwa hivyo hakipaswi kuachwa kwa kumbukumbu ya mtu peke yake. Ni baada tu ya vifo vya Embakasi ndipo Boeing ilipoongeza mfumo wa kuwaonya marubani kabla ya kuruka iwapo hewa ya flapu za mbele haijafunguliwa.

Rubani mkuu na mhandisi wa ndege walinusurika. Mhandisi alishtakiwa nchini Ujerumani kwa uzembe, na mwaka 1981 akaachiwa huru. Wapo watakaoona kwamba hukumu hiyo ilikuwa ya huruma mno kwa kuzingatia idadi ya waliokufa, na sitawalaumu, hasa kama ni ndugu wa marehemu. Mimi naona ilikuwa sahihi. Mtu aliyesahau swichi amekosea, na kosa lake liandikwe jinsi lilivyo. Lakini ndege ilijengwa kwa namna iliyoruhusu kosa hilo lifike hewani kimyakimya, na hilo halikuwa lake.

Suala la orodha ya ukaguzi nalo lisipitwe haraka. Orodha hii husomwa kwa sauti: mmoja anataja kifaa, mwingine anakitazama na kujibu hali yake. Uhai wake wote umo katika lile neno kutazama. Jibu likishakaririwa kwa miaka, ulimi hulitoa kabla jicho halijafika, na anayesoma naye husikia sauti aliyoizoea na kuendelea na mstari unaofuata. Yeyote aliyewahi kuitikia sala huku mawazo yapo shambani anaijua hali hii, na haina uhusiano na uvivu. Ndiyo sababu mashirika mengi leo humtaka anayejibu aisome namba au rangi yenyewe anayoiona badala ya kusema tu kwamba mambo ni sawa, na ndiyo sababu ndege za Airbus zina kitufe ambacho marubani hukibonyeza kabla ya kuingia njiani ili ndege ijikague yenyewe na kulalamika mapema kama kuna kitu hakipo tayari.

Haitoshi, hata hivyo, kwamba honi iwepo. Mwaka 1999 mjini Buenos Aires, Boeing 737 ya shirika la LAPA ilianza mbio bila flapu. Honi ililia tangu mwanzo, marubani wakaendelea nayo ikilia, ndege haikuweza kupaa na watu 65 wakafa. Wala haitoshi kwamba tahadhari ijibiwe haraka. Tarehe 30 Julai 1992, Lockheed L-1011 ya TWA ilipokuwa inanyanyuka kutoka uwanja wa John F. Kennedy, New York, kitikisa usukani kilianza kutikisa. Kihisio cha pembe ya bawa kilikuwa kibovu. Ndege ilikuwa nzima na ingepaa bila shida. Marubani waliiamini tahadhari hiyo, wakairudisha ndege chini kwa kishindo, ikatoka nje ya njia na kuteketea. Watu wote 292 walitoka wakiwa hai. Tahadhari ileile iliyosema kweli Nairobi ilisema uongo New York, na katika visa vyote viwili rubani hakuwa na namna ya kuihoji. Kwa sababu hiyo ndege za siku hizi hunyamazisha kwa makusudi tahadhari nyingi ndogo baada ya mwendo wa noti 80, yaani karibu kilomita 150 kwa saa, hadi ndege iwe imepaa, ili kinachomfikia rubani katika sekunde zile kiwe kile tu kinachostahili kujibiwa.

Kisa kinachokaribiana zaidi na cha Embakasi kilitokea tarehe 11 Mei 2009. Boeing 747-400 ya British Airways, safari namba 56, ilikuwa ikiruka kuelekea London kutoka uwanja ulio juu zaidi hata kuliko Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari. Ikiwa katikati ya mbio, mfumo ulipokea ishara ya uongo kwamba vifaa vya kugeuza msukumo wa injini vimefunguka, na kama ulivyoundwa, ukazikunja baadhi ya flapu za mbele wenyewe, bila kuamriwa na mtu. Magurudumu yalipoachana na lami kitikisa usukani kikaanza. Rubani msaidizi ndiye aliyekuwa ameshika usukani. Hakukimbilia kuirudisha ndege chini, wala hakuilazimisha kupanda. Aliishikilia kwenye ukingo wa kutikisika, pua ikiwa chini kuliko mazoea yote ya kuruka yanavyotaka, mwendo ukiongezeka kidogo kidogo huku ardhi ikipita karibu mno chini yao, hadi flapu zikatoka tena na bawa likapata nguvu zake. Ndege ilipanda, ikamwaga mafuta ili kupunguza uzito, ikageuka na kutua salama, hakuna aliyeumia. Uwanja waliotua ni ule wa Johannesburg, ambao mwaka 1974 uliitwa Jan Smuts, na ndiko safari ya LH 540 ilikokuwa ikitarajiwa kufika asubuhi ile.